Nilivyoisalimia Mashine ya Kliniki

Siku nilipokubali kuingia kwenye utafiti, niliisoma fomu ya ridhaa kurasa zote, mbele na nyuma, kisha nikairudia. Muuguzi wa mradi, binti mwembamba mwenye sauti ya upole, alikuwa amezoea watu wanaotia sahihi huku wakitazama mlango. Mimi nilikwenda naye kifungu kwa kifungu, kama nilivyofundishwa utotoni kusoma kitabu mbele ya mwalimu. Hapa mmeandika kwamba taarifa zangu zitafungiwa. Ufunguo anao nani? Na akihamishwa kikazi, anamkabidhi nani? Foleni iliyokuwa nyuma yangu ikaanza kukohoa.

"Mwalimu," akasema yule binti, "katika wote niliowaandikisha, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza habari za ufunguo."

"Nimefundisha dini maisha yangu yote, mwanangu. Sitii sahihi nisichokielewa."

"Sasa umeelewa?"

"Nimeelewa. Lete kalamu."

Ninaishi na virusi vya Ukimwi. Nilipima baada ya mke wangu kufariki, na hiyo ni zamani. Wajukuu wangu wakubwa walikuwa hawajazaliwa. Tangu hapo nanywa dawa kila siku baada ya swala ya Isha, na Mwenyezi Mungu amenipa miaka ambayo sikuthubutu hata kuiomba. Watoto wangu wanajua. Watu wengine hawajui, na nitaeleza kwa nini.

Utafiti wenyewe ulitaka kujua jambo moja. Je, mtu anayetumia dawa hizi akitumiwa ujumbe wa simu mara kwa mara, inamsaidia asisahau dawa na asipotee kliniki? Ujumbe ungekuja kila Jumatatu na Alhamisi, nami nilifurahi, maana ndizo siku ninazopenda kufunga. Usingetaja dawa wala ugonjwa, kwa sababu simu zetu hazikai mikononi mwetu peke yetu. Mjukuu anaichukua, jirani anaiazima. Kila mtu alichagua maneno yake. Mimi nilichagua haya: "Habari za asubuhi, mzee wetu. Uko salama?" Ukiwa salama unajibu moja. Ukitaka kupigiwa unajibu mbili. Binti alinieleza hayo ya moja na mbili, nami nikayasikia vizuri kabisa.

Jumatatu ya kwanza nilikuwa nimekaa barazani kwangu, Ipagala, nimetoka kuswali Alfajiri, nimejifunika shuka kwa sababu ya upepo wa mwezi wa saba unaotuchapa Dodoma bila huruma. Simu ikalia. Nikavaa miwani. "Habari za asubuhi, mzee wetu. Uko salama?"

Sasa fikiria. Mtu amekuamkia asubuhi. Amekuita mzee wetu. Amekuuliza kama uko salama. Halafu wewe umjibu moja?

Vidole vyangu vilikataa. Sisi tumefundishwa kwamba salamu ni haki ya aliyekusalimu. Unairudisha kama ilivyokuja au unaiongeza, na kuiongeza ndiyo bora. Nimewafundisha hivyo watoto wa Kondoa nilikozaliwa, na watoto wa Ipagala, na baba zao. Nikaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, mpaka jua likapanda juu ya bati la jirani: "Asubuhi njema nawe pia, Mungu akuzidishie. Mimi ni mzima, namshukuru Mola. Mbuzi mmoja alikuwa anachechemea sasa amepona. Umeamkaje?"

Mara moja, kabla sijashusha simu, jibu likarudi: "Samahani, jibu lako halijaeleweka. Tafadhali jibu 1 au 2."

Nikajilaumu. Nilikuwa sijaulizia watu wa nyumbani kwake.

Je, nilijua kwamba ni mashine? Nilijua. Lakini mashine haijiandikii yenyewe. Kuna mtu aliyekaa akaiandikia maneno yale, na mtu huyo ana mama yake. Kwa hiyo nikaongeza: "Na mama hajambo? Na wote nyumbani?" Samahani, jibu lako halijaeleweka. Alhamisi nikaeleza zaidi. Jumatatu iliyofuata nikaombea mvua. Kila nikiambiwa halijaeleweka, nilijua kosa ni langu, nimekuwa mkavu, nami nikaongeza utamu. Ikawa ndiyo starehe yangu ya asubuhi.

Lakini nisijifiche nyuma ya mashine. Sababu ya utamu wote ule ilikuwa nyingine.

Palikuwa na mama mmoja sokoni kwetu, anauza mchele wa Bahi. Mjane, mtu wa Kondoa kama mimi, ingawa kaka yake alihamia Haneti kulima alizeti na ndiye mkubwa wake aliyebaki. Nilikwenda kwake mara ya kwanza kwa sababu nilihitaji mchele. Mara ya pili sikuhitaji. Baada ya miezi miwili ya kwenda kwake nilikuwa na mchele kwenye ndoo mbili, kwenye sufuria la shughuli, na kwenye begi nililokwenda nalo Hija.

"Mwalimu," akaniuliza siku moja, mkono umesimama juu ya mizani, "ule wa juzi umekwisha?"

"Umekwisha."

"Kwani nyumbani mko wangapi?"

"Mimi. Na mbuzi wawili."

"Ee! Mbuzi wanakula pilau siku hizi?"

"Wanapenda."

Mwanamke wa nyanya aliyekaa kando yake akajifunika uso kwa kanga. "Mpimie mwalimu, dada," akasema kutoka ndani ya kanga, "mbuzi wasilale njaa."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama kijana aliyefaulu mtihani. Nilinyoosha kanzu kwa pasi asubuhi na nikainyoosha tena mchana. Nilinunua mafuta ya ndevu. Katika darasa langu la kina mama, baada ya swala ya Alasiri, nilikuwa nafundisha hukumu za mirathi; nikamgawia kila mtu fungu lake pale ubaoni, nikafuta mikono, nikatabasamu. Mwanafunzi wangu mmoja akanyoosha kidole. "Mwalimu, marehemu ana mama yake mzazi, umemwandika hapo juu. Mbona hajapata kitu?" Nilikuwa nimemdhulumu mama wa watu kwa sababu nilikuwa nawaza mchele.

Nilitaka kumwoa. Naandika waziwazi kwa sababu umri wangu hauna nafasi ya kuzunguka. Lakini nisingeweza kumtuma mshenga kabla yeye hajajua hali yangu ya afya, na aijue kutoka kinywani mwangu. Nimewafundisha watu kwamba anayeoa hafichi jambo linalomgusa mwenzake. Sikuwa na mlango wa kutokea.

Na niliogopa. Miaka mingi iliyopita nilimwambia rafiki yangu mmoja, mtu tuliyekula naye sahani moja tangu ujana. Alinisikiliza vizuri, akaniombea dua. Wiki iliyofuata alikuja kunitembelea na kikombe chake mfukoni. Nilimmiminia chai humo. Baada ya hapo niliacha kuwaambia watu.

Alhamisi moja nikaenda sokoni nimejiandaa kusema. Nikamweleza habari za upepo. Alhamisi ya pili nikamweleza jinsi mpunga unavyopandwa, yeye aliyeanza kwenda shamba la mpunga akiwa mgongoni kwa mama yake. Alhamisi ya tatu akanitazama moja kwa moja. "Mwalimu, una neno."

"Ninalo."

"Lisemwe basi."

"Naomba na kunde."

Mwanamke wa nyanya alilazimika kuondoka kwenye meza yake.

Hapo nikaona haya mwenyewe. Nikamwambia kwamba neno ninalo kweli, ila si la sokoni. Kama hataona vibaya, Jumamosi asubuhi aje kwangu, tukae barazani, mlango wa uani wazi, watu wanapita, kila mtu aone. Akanitazama kidogo, akafunga kanga kiunoni. "Nitaleta na huo mchele," akasema, "nisionekane nakuja bure."

Jumamosi nilifagia uani mara tatu. Niliwafunga mbuzi mbali, kisha nikawarudisha karibu ili nipate pa kutazama maneno yakinipotea. Saa nne akashuka kwenye bajaji na kiroba. Akakaa kwenye kiti nilichomwekea, akanyoosha mkono pembeni kuegemea ndoo, kifuniko kikateleza.

Akachungulia ndani. Akachota kidogo kwa kiganja, akapuliza, akatazama punje.

"Mwalimu, huu ni mchele wangu."

Nikawatazama mbuzi.

Akasimama, akafunua ndoo ya pili. "Na huu ni wa mwezi uliopita. Mbuzi hawajaonja hata punje!" Akacheka mpaka akakaa chini mwenyewe, anajifuta machozi kwa ncha ya kanga, nami nikacheka, na nikawaza kwamba wakati mzuri kuliko huu sitaupata. Nikavuta pumzi.

"Mama," nikaanza, "kuna jambo kuhusu..."

Pikipiki ikaingia kwa mshindo mpaka mlangoni. Yule muuguzi wa mradi akaruka chini kabla haijasimama, sweta limejaa vumbi, kofia ya dereva bado iko kichwani.

"Mwalimu! Uko hai! Shikamoo!"

"Marahaba. Kwa nini nisiwe hai?"

"Nimekutafuta! Tumekuhofia! Wiki sita hujajibu hata ujumbe mmoja!"

Hapo ndipo akamwona mgeni wangu. Akafunga mdomo, akavua kofia, akabadili uso kabisa. "Samahani sana. Natoka kwenye mradi fulani wa simu. Mzee, naona una mgeni, nitarudi wakati mwingine." Alifanya vile inavyotakiwa. Laiti ningemwacha aende, mambo yangekuwa tofauti.

Lakini nisikilizeni. Nimeambiwa kwamba sijibu salamu. Mimi. Mbele ya mwanamke ninayetaka kumwoa. Kama ningeambiwa nimeiba mbuzi ningevumilia.

"Sijajibu?" nikasema. "Mimi? Nimejibu kila mmoja! Nimejibu mpaka kidole kimepata sugu!" Na kwa hasira ya mtu aliyesingiziwa nikatoa simu kifuani, nikaifungua pale pale kwenye ujumbe, na nikampa mama wa mchele. "Soma wewe. Wewe ni shahidi. Soma kwa sauti!"

Muuguzi alinyoosha mkono kama anayezuia kikombe kisianguke, lakini alikuwa amechelewa.

Yule mama akaishika simu mbali kidogo na macho, kama wafanyavyo wote wasiotaka kukiri kwamba wanahitaji miwani. Akasoma.

"'Habari za asubuhi, mzee wetu. Uko salama?'" Akaisogeza simu karibu. "Mzee wetu," akarudia polepole.

"Endelea," nikasema kwa fahari. "Soma nilivyojibu."

"'Asubuhi njema nawe pia, Mungu akuzidishie.'" Sauti ikaanza kupoa. "'Na mama hajambo?' Unamwulizia mama yake." Akapandisha kidole. "'Nimefurahi umenikumbuka tena.' Hm. 'Leo nimefunga, nimekutaja kwenye dua.' Hm! 'Upepo ni mkali, vaa sweta.'"

Akashusha simu. Akamtazama muuguzi, akalitazama sweta lake.

Binti wa watu naye akalitazama sweta lake kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Ni wewe?" akauliza mama wa mchele.

"Mama, si mimi! Wallahi si mimi! Ni kompyuta!"

"Kompyuta inavaa sweta?"

"Haivai, mama, ila yeye... Mwalimu, sema!"

Nilikuwa nimekwisha kuelewa nilichofanya, na hapakuwa na pa kurudi. Na jambo la ajabu ni kwamba sikuogopa tena. Kicheko kilikuwa kimenijaa tumboni, wivu wake nilikuwa nimeuona kwa macho yangu, na mwanamke haoni wivu juu ya mteja wa mchele. Nikasema, "Ni mashine ya kliniki, mama. Inanijulia hali kwa sababu ninaishi na virusi vya Ukimwi. Miaka mingi sasa. Nanywa dawa. Hilo ndilo neno nililokuitia. Nilitaka ulijue kabla sijamtuma mtu kwenu."

Mbuzi mmoja akakohoa. Njiani akapita muuza maji na toroli lake, akatusalimu, tukamwitikia sote watatu kwa pamoja.

"Ndilo ulilokuwa unataka kuniambia siku ya kunde?" akauliza.

"Na siku ya upepo. Na siku ya mpunga."

Akaiweka simu juu ya ndoo kwa uangalifu. Kisha akamgeukia binti. "Wewe ni mtu wa hospitali?"

Muuguzi alinitazama kwanza. "Mwalimu, unaniruhusu kumjibu?"

"Mjibu yote."

"Mtu wa namna hii anaoa?"

"Anaoa, mama."

"Na huyo mke anakuwaje?"

Binti akakaa kwenye kibao, akaliweka begi miguuni, akaeleza kwa utaratibu kama mwalimu mzuri. Mtu akinywa dawa kila siku bila kuruka, virusi hupungua kwenye damu mpaka kipimo cha wingi wa virusi hakivioni tena. Akibaki hivyo, akiendelea na dawa na vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Aliposema tendo la ndoa mimi nilikuwa nawakagua mbuzi kwato.

"Hamwambukizi kabisa, au hamwambukizi sana?"

"Kabisa, mama."

"Na huyu? Kipimo chake?"

"Hilo aseme mwenyewe."

"Havionekani," nikawaambia mbuzi. "Tangu nilipoanza kupimwa hivyo. Majibu ninayo, yamo kwenye boksi la vitabu."

"Mimi nauliza kwa jumla tu," akasema yule mama, anajinyooshea kanga. "Sijasema kuna mtu anaolewa."

"Hakuna aliyeulizwa," nikasema.

"Basi niulizwe kwanza! Mtu atajuaje kama akasirike?"

Muuguzi akainama kutafuta kitu kwenye begi ambacho hakikuwemo.

Kisha mama wa mchele akasema kwa sauti nyingine, ya chini, kwamba naye hajawahi kupima tangu marehemu mumewe aondoke. Kila mwaka alisema atakwenda, na kila mwaka foleni ile iliyo karibu na barabara ilimtisha. Wateja wake wote hupita pale. Binti akamwambia kwamba mradi wao una vipimo vya kujipima mwenyewe, havitaki damu, anavyo hapo begini, na anaweza kupima leo au siku nyingine au asipime kabisa. "Leo," akasema. "Nimeshakasirika, nimeshacheka, kimebaki hicho tu."

Aliingia sebuleni na muuguzi, mlango wazi, nami nikabaki barazani. Nilisikia maelezo: pitisha hiki kwenye ufizi wa juu mara moja, na wa chini mara moja, kitumbukize kwenye kichupa, subiri dakika ishirini. Akatoka, wakaketi. Dakika ishirini, ndugu zangu, ni ndefu. Nilitoa tasbihi.

"Mwalimu," akasema baada ya muda, "unavyoivuta hiyo tasbihi, itakatika."

"Nakuombea."

"Omba polepole. Unanitia hofu."

Nikapunguza mwendo. Akaniuliza habari za marehemu mke wangu, nikamwambia. Alikuwa mpishi mzuri na mbishi zaidi. Akaniambia habari za marehemu wake. Alikuwa mtu wa kuimba akiwa anaoga, mpaka majirani wakajua kaswida zake zote. Tukawacheka marehemu wetu kwa heshima. Mpaka muuguzi alipotazama saa na kusema, "Tayari," sote wawili tulikuwa tumesahau tulichokuwa tunangoja, halafu tukakumbuka kwa pamoja, na nikaona mkono wake umeshika ukingo wa kiti.

Alikwenda kusoma mwenyewe. Akarudi mlangoni.

"Mstari mmoja," akasema. "Amesema mmoja maana yake sina."

"Alhamdulillah."

"Na ingekuwa miwili?"

Muuguzi akaanza kujibu habari za kipimo cha kuthibitisha kliniki, lakini yule mama akamnyamazisha kwa kiganja. "Hapana, mwanangu, hilo namwuliza yeye. Ingekuwa miwili, ungemtuma huyo mtu kwetu?"

"Ningemtuma kabla hujafungua pakiti," nikasema.

Akamimina mchele aliokuja nao juu ya ule wa ndoo, akakikunja kiroba kitupu mara nne. "Sijasema ndiyo," akasema. "Kaka yangu yuko Haneti. Nenda kama watu wanavyokwenda. Hili la afya yako ni lako. Ukitaka kumwambia mwambie, usipotaka halitatoka kwangu. Mimi nikiulizwa nitajibu." Akaondoka kwa miguu, na alipofika kwenye kona nikaona mabega yake yanatikisika, na hadi leo anakataa kusema kama kilikuwa kicheko.

Wiki iliyofuata niliitwa kliniki, kikaoni, na watafiti wenyewe. Walikuwa wameyafungua majibu yote ambayo mashine ilikuwa imeyatupa kando. Kumbe sikuwa peke yangu. Mzee mmoja wa Bahi alikuwa ameisimulia mashine namna ng'ombe wake alivyozaa, hatua kwa hatua. Bibi mmoja alikuwa ameialika kwenye harusi ya mjukuu na kuitaka ije mapema isaidie kupika. Wataalamu walikuwa wameshaandika kwenye daftari zao kwamba wazee hawawezi simu. Nikawaambia, kwa upole, kwamba simu tunaziweza. Mnatuamkia kwa adabu halafu mnataka tuwajibu kama watu wanaotaja bei. Kijana wa kompyuta akashika kichwa. Walibadilisha. Sasa unatuma tarakimu yako kwanza, kisha unaandika utakacho, na kila Ijumaa muuguzi anakaa kuyasoma yote mpaka mwisho. Anasema ndiyo kazi anayoipenda kuliko zote.

Jumapili nilipanda basi kwenda Haneti na rafiki yangu wa msikitini, ambaye ndiye niliyemwomba awe mshenga. Yule mama alikuwa ametangulia siku moja. Kaka yake alikuwa mtu mrefu, mikono imekomaa kwa jembe, hasemi sana. Alitukaribisha kwenye mkeka uani, mbele ya wazee wawili wa hapo. Mshenga wangu akaanza kwa maneno mazuri ya utangulizi, aliyoyaandaa njia nzima. Nikamgusa goti. Nikasema, "Kabla hajaendelea, kuna jambo." Nikalisema tena, safari hii bila mashine ya kunisukuma, mbele ya wanaume watatu nisiowajua. Nikatoa majibu yangu ya kliniki kwenye bahasha, nikayaweka juu ya mkeka.

Kaka yake hakuyagusa. Alitazama shamba lake la alizeti muda mrefu, na mimi nikaanza kukumbuka ratiba ya mabasi ya kurudi.

"Dada yangu amelijua hili?" akauliza.

"Amelijua kabla yako."

"Kutoka kwako?"

"Kutoka kwangu."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasukuma sahani ya karanga katikati yetu, akachukua, akanisogezea nami nichukue humo humo. Nilichukua, nikatafuna polepole. "Basi mimi sina neno," akasema. "Ila ndoa si yangu. Ngoja tumwulize mwenyewe, hawa wazee wasikie."

Ni sheria niliyoifundisha tangu ujanani: msichana anayeolewa mara ya kwanza akiulizwa na akanyamaza kwa haya, kimya chake kinapokewa. Mjane hapana. Mjane lazima atamke kwa kinywa chake, kwa maneno yanayosikika. Nimeieleza hukumu hiyo mara nyingi sana, kwa sauti tulivu, nikiwa na chaki mkononi. Sikuwahi kuifikiria kutoka upande wa mtu aliyekaa kwenye mkeka anasubiri.

Kaka yake akasimama karibu na mlango wa chumba cha ndani, ambako mashangazi walikuwa wamejazana na pazia linacheza. Akasafisha koo. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu.

"Dada yangu," akasema, "yupo hapa mwalimu, mtu wa Ipagala, mzaliwa wa Kondoa, amekuja kwa njia ya heshima na mashahidi wapo, na hali yake ameieleza, nami kama ndugu yako ninakuuliza, je, wewe kwa hiari yako..."

"Nimekubali!"

Ilisikika mpaka kwa majirani. Ndani mashangazi walilipuka kwa vicheko na vigelegele, mmoja wa wazee akamwaga chai, mshenga wangu akanikumbatia kichwa badala ya mabega.

Kaka yake hakusogea mlangoni. "Dada," akasema kwa subira, "sijamaliza swali."

"Malizia tu, kaka. Jibu ndilo hilo."